Kupogoa Kiini: Historia ya Kuondoa Msimbo Usiohitajika katika Mifumo Endeshi ya Kompyuta

0. Utangulizi

Historia ya kompyuta huandikwa mara nyingi kama orodha ya nyongeza: mwaka fulani kilibuniwa hiki, mwaka uliofuata kikaongezwa kile. Upande wa pili wa historia hiyo, yaani ule wa vitu vilivyoondolewa, hausimuliwi sana. Hata hivyo, kila mfumo mkubwa unaoishi muda mrefu hufikia wakati ambapo watunzaji wake hulazimika kuuliza ni sehemu gani zingali na kazi na ni zipi zimebaki kama mzigo tu. Makala haya yanakusudia kufuatilia swali hilo katika sehemu moja mahsusi ya kompyuta, nayo ni kiini cha mfumo endeshi, tangu mwisho wa miaka ya 1960 hadi mwaka 2025.

Kabla ya kuendelea, yafaa istilahi ielezwe. Mfumo endeshi ni ile jamii ya programu inayosimamia kompyuta nzima na kuziwezesha programu nyingine kufanya kazi. Ndani yake mna sehemu moja iliyo na mamlaka yote juu ya mashine: ndiyo inayogawa kumbukumbu, ndiyo inayopanga zamu za programu mbele ya kichakataji, na ndiyo inayozungumza na diski, kinanda na mtandao. Wafaransa huiita kwa jina linalomaanisha kokwa ya tunda, na wasomi wengi wa Kongo wamelizoea jina hilo darasani. Katika Kiswahili neno kiini limekubalika zaidi, nalo lina faida yake. Kokwa ni kitu kigumu kilichofungika, kisichobadilika mpaka kipandwe. Kiini, kwa upande wake, husemwa juu ya yai, juu ya mti na hata juu ya jambo, na maana yake ni kile ambacho pasipo hicho kitu chenyewe hakipo. Kwa hiyo neno hilo limebeba ndani yake swali la makala haya: ni nini hasa ambacho pasipo hicho mfumo haupo?

Maneno ya Kiswahili kuhusu kazi ya kuondoa nayo yanastahili kutofautishwa. Kupalilia ni kung'oa magugu, yaani mimea ambayo mkulima hakuipanda wala hakuitaka. Kupogoa ni kukata matawi ambayo mti wenyewe uliyatoa, na ambayo pengine yalizaa vizuri katika misimu iliyopita. Itaonekana hapa chini kwamba karibu msimbo wote ulioondolewa katika viini haukuwa magugu. Uliandikwa kwa makusudi, ukawatumikia watu, kisha wakati ukaupita. Ndiyo maana kuuondoa hakukuwa jambo rahisi, na ndiyo maana kila mara paliulizwa: nani anayeamua kwamba tawi hili limekauka?

1. Kwa nini msimbo wa ziada ndani ya kiini ni tatizo

Mtu anaweza kusema kwamba mistari michache isiyotumika haimdhuru yeyote. Katika programu ya kawaida kauli hiyo ina ukweli kiasi. Programu ya kuandikia barua ikiwa na sehemu isiyotumika, hasara yake kubwa ni nafasi katika diski, na ikikosea huanguka peke yake. Ndani ya kiini mambo ni tofauti kwa sababu tatu.

Sababu ya kwanza ni mamlaka. Katika viini vingi vinavyotumika, sehemu zote za kiini huishi pamoja bila ukuta baina yao. Kosa katika kipande kinachohudumia kifaa ambacho mwenye mashine hana linaweza kuharibu kumbukumbu ya kipande kingine, au kumpa mgeni mamlaka ya mwenye nyumba. Uchunguzi wa Andy Chou na wenzake wa Chuo Kikuu cha Stanford, uliotolewa mwaka 2001, ulionyesha kwamba katika kiini cha Linux viendeshi vya vifaa vilikuwa na viwango vya makosa mara tatu hadi saba zaidi ya sehemu nyingine. Na viendeshi ndivyo vinavyochukua sehemu kubwa kabisa ya msimbo, ingawa kila mashine huhitaji vichache tu kati yake.

Sababu ya pili ni nafasi. Kumbukumbu inayochukuliwa na kiini kwa kawaida haiwezi kuhamishiwa diskini kwa muda kama ile ya programu za mtumiaji. Jambo hilo lilikuwa zito sana katika miaka ya 1970, na lingali zito katika vifaa vidogo vinavyowekwa ndani ya mita, redio na mitambo.

Sababu ya tatu, ambayo husahauliwa na wengi, ni kazi ya watu. Msimbo haukai bure. Kila mara mpangilio wa ndani wa kiini unapobadilishwa, kila sehemu inayoutegemea mpangilio huo lazima irekebishwe, hata ile ambayo hakuna aitumiaye. Anayefanya marekebisho hayo mara nyingi hana kifaa cha kujaribia. Hurekebisha kwa kukisia, na kwa njia hiyo msimbo uliokuwa mzima huanza kuoza bila mtu kufahamu. Haba na haba hujaza kibaba: mistari mia moja hapa na mia moja pale hatimaye huwa mamilioni yanayosubiri kuhudumiwa.

2. Multics: kuondoa ili kuaminika

Mfano wa kale unaofahamika vizuri ni ule wa Multics. Mradi huo ulianza katikati ya miaka ya 1960 kwa ushirikiano wa chuo cha MIT, kampuni ya General Electric na maabara za Bell. Lengo lake lilikuwa kubwa: kompyuta moja itakayowahudumia watu wengi kwa pamoja, usiku na mchana, kama vile mtambo wa umeme unavyouhudumia mji. Mwaka 1969 maabara za Bell zilijitoa, na baadhi ya watafiti wake, Ken Thompson na Dennis Ritchie mbele yao, wakaanza kujenga mfumo mdogo zaidi juu ya mashine ya PDP-7. Mfumo huo uliitwa Unix, na jina lenyewe lilikuwa mzaha juu ya jina la Multics: penye wingi pakawekwa umoja. Hivyo Unix yenyewe ilizaliwa kwa kupunguza.

Wale waliobaki na Multics walifika kwenye upunguzaji kwa njia nyingine. Mwaka 1972 James P. Anderson aliandika ripoti kwa ajili ya Jeshi la Anga la Marekani kuhusu usalama wa kompyuta zinazotumiwa na watu wenye viwango tofauti vya siri. Ripoti hiyo iliweka sharti ambalo limetawala fikra za usalama tangu hapo: chombo kinacholinda mipaka ya mfumo lazima kiwe kidogo kiasi cha kuweza kuchunguzwa na kujaribiwa chote. Mlinzi ambaye kazi yake haiwezi kukaguliwa hawezi kuaminiwa, hata kama hajawahi kukamatwa katika kosa.

Katika miaka iliyofuata, Jerome Saltzer, Michael Schroeder, David Clark na wenzao huko MIT walianza mradi wa kuunda upya kiini cha Multics kwa kuzingatia sharti hilo. Walikuta msimbo wa takribani mistari 54,000 uliopaswa kuaminiwa. Swali lao halikuwa "nini hakitumiki?" bali "nini hakihitaji mamlaka?" Tofauti hii ni ya msingi, maana kitu kinaweza kutumika kila siku na bado kiwe hakina haki ya kukaa ndani ya kiini.

Mfano wao mzuri zaidi ni kiunganishi. Programu ya Multics iliweza kutaja sehemu ya programu nyingine kwa jina tu, na kazi ya kiunganishi ilikuwa kulitafuta jina hilo na kuziunganisha sehemu hizo wakati programu ikiendelea. Kiunganishi kiliwekwa ndani ya kiini ili kiende kwa kasi. Lakini ili kifanye kazi yake kililazimika kusoma maelezo yaliyoandaliwa na mtumiaji mwenyewe. Mtumiaji mwenye hila aliweza kuyapotosha maelezo hayo, na mtumishi mwenye mamlaka yote akawa anafuata barua iliyoandikwa na mgeni. Mwaka 1974 Philippe Janson alionyesha katika tasnifu yake kwamba kiunganishi kingeweza kutolewa nje kabisa, kikafanya kazi kwa mamlaka ya mtumiaji anayekihitaji na si zaidi. Hakuna huduma iliyopotea. Kilichopotea ni hatari tu. Mwaka uliofuata Richard Bratt alifanya kazi ya namna hiyo hiyo juu ya usimamizi wa majina ya faili.

Watafiti hao walikadiria kwamba kwa hatua za namna hiyo kiini kingeweza kupungua kwa nusu hivi. Mradi ulimalizika mwishoni mwa miaka ya 1970, na kiini kipya kizima hakikuwahi kuuzwa kwa wateja. Multics iliendelea kuishi katika sura yake ya zamani iliyoboreshwa. Mashine ya mwisho ilizimwa huko Halifax, Kanada, tarehe 30 Oktoba 2000. Hata hivyo kanuni zilizotokana na kazi hiyo, ambazo Saltzer na Schroeder walizieleza katika makala yao mashuhuri ya mwaka 1975, zimebaki: utaratibu wa ulinzi uwe mwepesi, na kila sehemu ipewe mamlaka inayoitosha na si zaidi.

3. Viini vidogo: kanuni na gharama yake

Wazo la kuanza na kiini kidogo tangu mwanzo lilikuwa limekwisha kujitokeza Denmark. Per Brinch Hansen, akifanya kazi katika kampuni ya Regnecentralen, alijenga kiini cha mashine ya RC 4000 na kukieleza mwaka 1970. Kiini hicho hakikuwa na sera yoyote ya kupanga kazi. Kilitoa njia ya programu kupelekeana ujumbe, na mambo mengine yote yakaachiwa programu za nje.

Katika miaka ya 1980 wazo hilo lilipata nguvu mpya katika mfumo wa Mach, uliojengwa katika Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon chini ya Richard Rashid. Toleo la tatu la Mach liliitoa nje sehemu iliyorithiwa kutoka Unix na kuifanya kuwa programu ya kawaida. Tatizo likawa mwendo. Kila huduma iliyotolewa nje ililazimu ujumbe upelekwe na kurudishwa, na ujumbe wa Mach ulikuwa wa polepole. Wengi wakahitimisha kwamba kiini kidogo ni ndoto nzuri isiyoweza kulipiwa gharama yake.

Mjerumani Jochen Liedtke hakukubali. Mwaka 1993 alionyesha kwamba juu ya kichakataji cha 486 cha megahezi 50, ujumbe mfupi uliochukua mikrosekunde 115 katika Mach ungeweza kuchukua mikrosekunde 5 hivi katika kiini chake. Siri yake haikuwa kurudisha huduma ndani, bali kukata zaidi. Mach ilikuwa kubwa mno kiasi kwamba ilijaza kumbukumbu ya karibu ya kichakataji. Kiini cha Liedtke kilikuwa kidogo hata kikaenea humo na bado nafasi ikabaki. Mwaka 1995 aliiweka kanuni yake wazi: jambo linaruhusiwa kukaa ndani ya kiini ikiwa tu kulitoa nje kungeuzuia mfumo kutimiza kazi inayotakiwa. Urahisi si hoja, wala mazoea si hoja.

Liedtke alifariki mwaka 2001, lakini matunda ya kanuni hiyo yalionekana baadaye. Mwaka 2009 kikundi cha Gerwin Klein, Gernot Heiser na wenzao huko Australia kilitangaza kwamba kiini cha seL4, chenye takribani mistari 8,700 ya lugha ya C, kimethibitishwa kwa hoja za kihisabati kuwa kinatenda kama maelezo yake yanavyosema. Uthibitisho huo wenyewe ulikuwa na mistari ipatayo 200,000. Hesabu hiyo inaeleza kwa nini udogo si suala la urembo. Kama kila mstari wa msimbo unadai zaidi ya mistari ishirini ya uthibitisho, basi kila mstari usiohitajika una bei kubwa.

4. Linux: mti unaokua na kupogolewa kwa wakati mmoja

Historia ya Linux ni ya namna nyingine. Linus Torvalds alipotoa toleo la kwanza mwaka 1991, lilikuwa na mistari 10,000 hivi. Toleo la 1.0 la mwaka 1994 lilikuwa na takribani 176,000. Kufikia mwaka 2003 mistari ilikaribia milioni sita, na mwaka 2020 ilikaribia milioni 28. Katika mfumo unaokua kwa kasi hiyo, kuondoa hakulengi kuupunguza mti wote. Kunalenga kuzuia matawi makavu yasiyanyime hewa matawi mabichi.

Zaidi ya hayo, watunzaji wa Linux wamejifunga na ahadi nzito: programu ya mtumiaji iliyofanya kazi jana lazima ifanye kazi kesho. Ahadi hiyo huwapa watumiaji imani, lakini huwafunga watunzaji mikono. Kitu kikishaingia na kutumiwa, si rahisi kukitoa. Mifano minne yafaa kutazamwa kwa karibu.

4.1. Kichakataji cha 386

Linux ilizaliwa juu ya kichakataji cha Intel 386, na katika miezi ya kwanza haikuweza kufanya kazi nje ya familia ya kichakataji hicho. Kichakataji hicho, kilichoanza kuuzwa mwaka 1985, kilikuwa na upungufu ambao warithi wake hawakuwa nao. Ukurasa wa kumbukumbu ukiwa umekatazwa kuandikwa, katazo hilo halikukiheshimisha kiini chenyewe; kwa hiyo kiini kililazimika kukagua kwa mkono kila mara kabla ya kuandika katika eneo la mtumiaji. Tena kilikosa amri kadhaa za kubadilisha thamani kwa hatua moja isiyokatika, ambazo ni muhimu pale vichakataji vingi vinapofanya kazi pamoja.

Kwa hiyo kila aliyetaka kuboresha utaratibu wa vichakataji vingi alilazimika kuandika njia ya pembeni kwa ajili ya 386. Mnamo Desemba 2012 Ingo Molnar aliwasilisha ombi la kuiondoa, Torvalds akakubali, na toleo la 3.8 la Februari 2013 likatoka bila 386. Mashine ya kwanza ya mfumo huo haikuweza tena kuuendesha. Ni kama mji uliokua hata ukabomoa nyumba ya mwanzilishi ili barabara ipite. Mistari iliyoondolewa ilikuwa michache, mia chache tu. Ila ilikuwa katika mahali ambapo kila mtu alilazimika kupita.

4.2. Kufuli kubwa na jina lililosahau maana yake

Mwaka 1996 toleo la 2.0 lilianza kutumia mashine zenye vichakataji zaidi ya kimoja. Ili mambo yasivurugike, liliwekwa kufuli moja kubwa: kichakataji kimoja kikiwa ndani ya kiini, vingine husubiri nje. Njia hiyo ilikuwa sahihi kwa siku zake. Lakini vichakataji vilipoongezeka, kufuli likawa mlango mmoja wa soko lenye watu elfu. Kuliondoa kulichukua karibu miaka kumi na mitano, maana sehemu nyingi zililitegemea bila kusema, na hapakuwa na aliyejua kwa hakika kila kipande kilikuwa kikilindwa dhidi ya nini. Kazi ya mwisho ilikamilishwa na Arnd Bergmann katika toleo la 2.6.39, mwezi Mei 2011.

Mfano wa set_fs unawavutia zaidi wanaisimu. Katika Linux ya mwanzo, rejista ya 386 iliyoitwa FS ilitumiwa kuonyesha eneo la kumbukumbu ya mtumiaji, na set_fs ilikuwa amri ya kuibadilisha. Baadaye rejista hiyo haikutumika tena kwa kazi hiyo, lakini jina lilibaki na kuhamia hata kwenye vichakataji visivyokuwa na rejista ya jina hilo. Likawa kama neno ambalo mzizi wake umekufa huku wasemaji wakiendelea kulitumia. Hatari yake haikuwa ya jina tu. Sehemu ya kiini iliyopanua mipaka kwa amri hiyo ikasahau kuirudisha, ilimwachia mtumiaji mlango wa kuandika ndani ya kiini. Udhaifu wa namna hiyo ulibainishwa mwaka 2010. Kazi iliyoongozwa na Christoph Hellwig iliiondoa amri hiyo katika vichakataji vya kawaida mwaka 2020, na mabaki yakamalizika mwaka 2022.

4.3. Miundo minane ya mwaka 2018

Mnamo Juni 2018 toleo la 4.17 lilitoka likiwa limeondolewa uwezo wa kutumia miundo minane ya vichakataji: blackfin, cris, frv, m32r, metag, mn10300, score na tile. Karibu nusu milioni ya mistari iliondoka kwa mara moja. Sababu haikuwa uzee. Muundo wa metag uliingizwa mwaka 2013, katika toleo lililofuata mara moja lile lililoiondoa 386, nao ukadumu miaka mitano tu. Kampuni zilizounda vichakataji hivyo zilikuwa zimefungwa au zimehamia miundo mingine, na watu waliolipwa kuutunza msimbo huo hawakuwepo tena.

Kinyume chake, muundo wa m68k, wa vichakataji vya Motorola vilivyotumika katika kompyuta za Amiga na Atari za miaka ya 1980, haukuguswa. Vichakataji hivyo ni vya zamani kuliko vyote vinane. Lakini palikuwa na watu, Geert Uytterhoeven akiwa mmoja wao, walioendelea kuujaribu msimbo wake na kujibu maswali kila mabadiliko yalipokuja.

4.4. Itifaki ya DCCP

Itifaki ya mtandao iitwayo DCCP iliingizwa katika Linux mwaka 2005, ikikusudiwa kusafirisha sauti na picha bila kuuzidi mtandao nguvu. Matumizi yaliyotarajiwa hayakuja. Programu nyingi zilichagua njia nyingine. Msimbo ukabaki. Mwaka 2017 Andrey Konovalov aligundua kosa lililokuwemo tangu siku ya kwanza, ambalo lilimwezesha mtumiaji wa kawaida kujipatia mamlaka yote. Kwa zaidi ya miaka kumi na moja, mashine nyingi ambazo hazikuwahi kupeleka hata paketi moja ya DCCP zilibeba mlango huo wa siri. Kosa lilirekebishwa mwaka huo huo, bali itifaki yenyewe iliondolewa katika toleo la 6.16 la mwaka 2025.

Wengine hawasubiri muda mrefu hivyo. Watunzaji wa OpenBSD, mfumo ulioanzishwa na Theo de Raadt mwaka 1995, waliondoa mwaka 2014 sehemu nzima ya Bluetooth kwa kuwa haikuwa imejengwa vizuri wala hapakuwa na aliyeishughulikia, na kwa wakati uo huo wakaacha uwezo wa kupakia moduli ndani ya kiini kinachoendelea kufanya kazi. Mtumiaji anaweza kulalamika kwamba amepungukiwa. Wao hujibu kwamba kitu kisichotunzwa si mali bali ni deni.

5. Nani shahidi wa matumizi?

Mifano hiyo inaonyesha vipimo vitatu tofauti ambavyo mara nyingi huchanganywa. Watu wa Multics na Liedtke waliuliza kama kitu kina haki ya kukaa ndani. Walioondoa 386 na kufuli kubwa waliuliza kama gharama ya kukitunza inawaelemea wengine wote. Walioondoa miundo minane na DCCP waliuliza kama yupo anayekitumia na anayekitunza. Kipimo cha kwanza kinaweza kujibiwa kwa hoja, na cha pili kwa hesabu. Cha tatu kinahitaji ushahidi, na hapo ndipo penye ugumu.

Kwa kawaida kabla ya kuondoa kitu, watunzaji hutoa tangazo, huweka onyo ndani ya msimbo, na kusubiri. Mfumo wa faili wa ReiserFS, kwa mfano, ulitangaziwa mwisho wake mwaka 2022, na uliondoka katika toleo la 6.13 la Januari 2025. Asipojitokeza mtu, huhesabiwa kwamba hayupo. Lakini ukimya una sababu nyingi. Anayetumia mashine ya zamani mara nyingi hatumii toleo jipya la mfumo, kwa hiyo halioni onyo. Mwingine halifahamu jina la kichakataji kilichomo ndani ya mashine yake. Mwingine hana lugha ambayo majadiliano hayo hufanyika.

Jambo hili linazigusa nchi ambako kompyuta nyingi hununuliwa zikiwa zimekwisha kutumika kwingine, na miji kama Lubumbashi, Bukavu na Goma imo miongoni mwake. Kinachoitwa masalio Ulaya au Marekani kinaweza kuwa chombo cha kazi cha kila siku mahali pengine. Haifai kutia chumvi: 386 ilipoondolewa mwaka 2013, mashine hizo zilikuwa zimetoweka karibu kila mahali, na Intel yenyewe ilikuwa imeacha kuzitengeneza tangu mwaka 2007. Hata hivyo kanuni inabaki. Pale ambapo uhai wa kitu unategemea sauti ya wanaokitumia, wasiosikika huhesabiwa kuwa hawapo.

Upande wa pili wa mizani nao una uzito wake. Yule yule mwenye mashine ya zamani ndiye aumiaye zaidi kiini kikiwa kizito na chenye matundu, kwa kuwa kumbukumbu yake ni ndogo na hana fundi wa usalama wa kumlinda. Kumwachia msimbo uliooza kwa kisingizio cha kumhurumia si kumsaidia. Wengi wa wasomaji wa jarida hili wanafahamu mfano wa kamusi: kidahizo kilichobakizwa bila mtu kuhakiki kama maana yake ingali sahihi humpotosha mwanafunzi kuliko kidahizo kilichokosekana. Tofauti ni kwamba kamusi ya zamani huendelea kusomeka rafuni. Msimbo ulioondolewa pia hauteketei, maana matoleo yote ya awali huhifadhiwa na yeyote anaweza kuyarudia; ila anayeyarudia hubaki peke yake, bila marekebisho ya makosa yanayogunduliwa baadaye.

6. Hitimisho

Makala haya yamefuatilia kazi ya kuondoa msimbo usiohitajika kutoka Multics hadi Linux ya mwaka 2025. Imeonekana kwamba neno "usiohitajika" halina maana moja. Kiunganishi cha Multics kilihitajika na kila mtumiaji, bali hakikuhitaji mamlaka. Msaada wa 386 ulikuwa sahihi na ulifanya kazi, bali ulimlipisha kila mtu. DCCP ilikuwa wazo la busara, bali hapakuwa na aliyelitumia wala aliyelichunga.

Imeonekana pia kwamba umri peke yake hauamui. Muundo wa m68k umeishi kuliko miundo iliyozaliwa miongo miwili baada yake kwa kuwa umekuwa na watu wanaoujaribu, wanaouandikia na wanaojibu wanapoulizwa. Hapo pana funzo kwa vyuo na mafundi wa nchi zinazotumia mashine za zamani. Njia ya kulinda chombo wanachokihitaji si kulalamika baada ya kukatwa, bali ni kuwamo miongoni mwa wanaokijaribu na kutoa taarifa kabla ya hapo. Ripoti moja fupi ya mtu anayeendesha toleo jipya juu ya mashine yake ya zamani, ikieleza kinachofanya kazi na kisichofanya, ina uzito kuliko miaka mingi ya kutumia kimya kimya. Kazi hiyo haidai maabara kubwa. Inadai mashine, uvumilivu, na mtu anayejua kwamba mpogoaji hutazama kwanza kama tawi lina majani.